Je, Wajua? Rezista Isiyo Sahihi Iliyookoa Mioyo

Je, wajua kwamba mhandisi Wilson Greatbatch wa Marekani alipata wazo la kifaa chake cha kurekebisha mapigo ya moyo kwa kukosea? Katika miaka ya 1950 msomi huyu wa uhandisi wa umeme alikuwa akiunda chombo cha kurekodi sauti za moyo. Akachomeka rezista isiyo sahihi. Sakiti ikatoa mpigo wa umeme, ikanyamaza, ikapiga tena, sawasawa na moyo unavyodunda!

Kwa akiba yake ya dola 2,000 alijifungia bandani nyuma ya nyumba, akatengeneza vifaa 50 kwa mkono. Mwaka 1958, mjini Buffalo, yeye na daktari wa upasuaji William Chardack walikijaribu kifaa hicho kwa mbwa. Mwaka 1960 wakawapandikizia wagonjwa. (Haki itendeke: Waswidi Rune Elmqvist na Åke Senning walikuwa wameshampandikizia binadamu cha kwao Oktoba 1958.)

Tatizo likabaki kwenye betri za zebaki: zilikwisha upesi, mgonjwa akarudishwa kwenye kisu. Miaka ya 1970 Greatbatch akaiendeleza betri ya lithiamu na iodini, inayodumu miaka mingi. Kwetu sisi, hiyo ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote. Alifariki mwaka 2011, akiwa na miaka 92.