Kibenga: kabla hujanunua kiwanja, uliza ziwa lilifika wapi

Wengi wenu mnaotoka Kigoma kwa njia ya Manyovu na Mugina mnaifahamu Kibenga kwa dirisha la gari tu. Ni mtaa wa kusini mwa Bujumbura, kando ya barabara ya Rumonge. Kuna majumba yenye mageti makubwa, na hatua chache kutoka hapo kuna vyumba vya kupanga. Mwaka 2024 maji hayakuchagua: yaliingia kote upande wa ziwani.

Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga pale Kalemie. Mvua za mfululizo zikalijaza, na Mei 2024 likakaribia mita 777 juu ya usawa wa bahari, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960.

Sikubaliani na wanaosema tarafa ililala. Muha, iliyoundwa mwaka 2014 kwa kuunganisha Kanyosha, Kinindo na Musaga, ilikuwa na kazi zake za Jumamosi asubuhi: maduka yanafungwa, watu wanatoka na majembe kuzibua mitaro. (Wafanyabiashara wananung'unika, nami nawaelewa.) Mtaro ukizibuliwa, maji ya mvua hupita, na kipindupindu hukosa pa kujificha. Nayo kazi ya kutandika mawe katika barabara za mitaa, iliyosimamiwa na ABUTIP, iliacha njia zinazopitika na ujira mifukoni mwa vijana.

Lakini jembe halizuii ziwa. Sheria ya maji ya mwaka 2012 inataka mita 150 zibaki wazi kutoka ufukweni. Zinapimwa toka wapi, ikiwa ufukwe wenyewe unahama? Na hao waliojenga ndani ya mita hizo, nani aliwaona wakichimba msingi akanyamaza? Kwa maoni yangu, kusafisha mtaa kungeanzia kwenye swali hilo. Tajiri akiambiwa abomoe ana wakili na nyumba nyingine. Mpangaji wa chumba cha nyuma hana hata karatasi ya kudai chochote.

Ndiyo maana nawasihi ndugu zangu mliorudi toka Tanzania na akiba ya miaka mingi: msilipe kwa kuonyeshwa uzio tu. Nendeni mkatazame kiwanja mwezi wa Aprili, mvua ikinyesha. Waulizeni majirani maji yalifika wapi mwaka 2024. Alama bado zinaonekana kwenye kuta nyingi. Hati ithibitishwe katika ofisi ya hati za ardhi, si kwa mdomo wa dalali. Tena, mwaka 2025 tarafa za nchi zilipunguzwa kutoka 119 hadi 42. Mwenye karatasi ya mhuri wa Muha aulize mapema faili lake liko ofisi gani sasa.

Na wewe mfanyabiashara wa mpakani unayetafuta ghala la bei nafuu, panga upande wa juu wa barabara. Kodi itazidi kidogo, ila unga wako hautalowa.