Sanduku la wasanii: nani anashika ufunguo?

Muchukue Biblia na mufungue kitabu cha Kutoka, sura ya 38, kuanzia mstari wa 21. Ni mahali wakristo wengi wanaruka, kwani hakuna hadithi pale, ni hesabu tu. Ni hesabu ya vitu vyote vilivyotumika kwa kujenga hema ya Bwana: zahabu talanta 29 na shekeli 730, feza talanta 100 na shekeli 1,775, shaba talanta 70 na shekeli 2,400. Na jina la mtu aliyesimamia hesabu limeandikwa: Itamari, mwana wa kuhani Haruni. Sisi watu wa shaba, ilipashwa tujue sura hii kwa moyo.

Angalieni vizuri. Mafundi walikuwa Besaleli na Oholiabu. Wao walichonga, walishona, walichanganya rangi. Hesabu ilishikwa na mtu mwingine. Tena katika sura ya 36, mafundi wenyewe walikwenda kwa Musa kumwambia kwamba watu wanaleta vitu kupita vile kazi inaomba, na Musa akatangaza watu waache kuleta. (Mimi katika maisha yangu sijasikia bado komite inayosema feza zimetosha!)

Ninaandika hivi juu ya jambo lililonipata mimi mwenyewe.

Kunapita miaka, makanisa na vikundi vya eneo letu tulianzisha sanduku moja la kusaidia wasanii: kwaya, vikundi vya teatri, wachoraji, watengeneza magitaa. Kila kikundi kilitoa dola 10 kwa mwaka. Mfanyabiashara mmoja aliongeza, na kampani moja ya madini ikaongeza kidogo. Tulichagua prezida, trezorie na mwandishi. Mwandishi alikuwa mimi.

Mwaka wa pili tulipokea dosie 14, lakini feza ilitosha kwa watu watano tu. Dosie moja ilitoka kwa kwaya ya kanisa yetu. Waliomba klavie. Mimi nilikaa palepale mezani, hakuna aliyeniambia nitoke, na nikasema maneno mazuri juu ya kwaya yetu. Ilikuwa kweli, waliimba vizuri. Walipata dola 400, kupita wengine wote. Saa ikapita, mvua ikaanza, watu wakataka kurudi nyumbani, na dosie tatu za mwisho hatukuzifungua hata kidogo. Moja ilikuwa ya kijana wa miaka 19, mchoraji, aliyeomba dola 120 kusudi anunue kitambaa na rangi.

Kisha siku chache alikuja kwangu.

“Baba Pasta, dosie yangu mulisoma?”

Nilimujibu vile wachungaji tunajibu tukishindwa: kwamba feza ilikuwa kidogo, tuombe Mungu, mwaka kesho itakuwa vizuri.

“Hapana, Baba Pasta. Siulizi feza. Naulizia tu kama mulisoma.”

Hakuna mtu aliyeiba hata franka moja katika sanduku lile. Njo jambo linaloniumiza mpaka leo. Kama kungekuwa mwizi, tungemufukuza na kazi ingeendelea. Sisi tulikuwa watu wazuri, wenye kuombea kila mkutano, na hatukuandika namna gani tutaamua. Mwaka wa tatu vikundi vilikataa kulipa dola 10 yao. Mfanyabiashara aliomba raporti, na trezorie akaleta karatasi zote katika mufuko wa plastiki. Prezida alipata kazi Kolwezi, akahama. Sanduku likafa.

Tangu siku zile nilianza kusoma namna wengine wanashika kazi hii. Nitawaelezea habari ya watu wawili, na mwaka mmoja, 1946.

Mwaka ule, hapa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, aliyekuwa zamani mtu wa jeshi la bahari, alifungua karakana ya wachoraji inayoitwa Le Hangar. Hakuwaambia vijana waige mapicha ya Ulaya. Aliwaacha waangalie pori, samaki na ndege wao. Pale walitoka Pilipili Mulongoy, Mwenze Kibwanga, na Bela aliyepaka rangi kwa ncha za vidole. Mapicha yao yamefika katika nyumba za makumbusho za ngambo. Lakini kazi ile ilisimama juu ya mtu mmoja. Alipokufa mwaka wa 1954, Le Hangar ikakwisha. Wanafunzi hawakutupwa, kwani mjini kulikuwa shule ya sanaa iliyofunguliwa na Laurent Moonens mwaka wa 1951, na Pilipili na Mwenze walipata nafasi kule. Lakini nyumba yenyewe haikubaki na mwenye kuirithi.

Mwaka uleule wa 1946, kule Uingereza, alikufa John Maynard Keynes, mtu mkubwa wa mambo ya uchumi. Yeye aliongoza tangu 1942 baraza lililotoa feza ya serikali kwa muziki, teatri na wachoraji wakati wa vita, na alitayarisha baraza lile ligeuke kitu cha kudumu, la jina Arts Council. Alikufa mwezi wa 4. Barua ya mfalme ya kulipa baraza sheria na haki ilitoka mwezi wa 8. Yeye hakuiona. Lakini kazi haikukwisha, kwani kulikuwa baraza, kulikuwa mwandiko, na kiti chake kilipata mtu mwingine. Na kulikuwa desturi moja ninayoipenda: serikali inatoa feza, lakini waziri hachagui ni mchezo gani uchezwe wala ni picha gani ipakwe. Wale wa baraza ndio wanaamua, na wao ndio wanajibu kwa hesabu.

Mutasema: Pasta, ile ni London, sisi tuko watu wa mgodi. Vema, twende basi kwa watu wa mgodi.

Kaskazini mashariki ya Uingereza ni inchi ya makaa ya mawe. Katika mji wa Ashington, mwaka wa 1934, wachimbaji waliomba mwalimu wa kuwafundisha jioni juu ya sanaa. Mwalimu, Robert Lyon, aliona kama maneno peke hayatoshi, akawapa rangi. Watu waliotoka chini ya udongo na mikono nyeusi walianza kuchora kazi yao, nyumba zao, njiwa zao. Kikundi kile kiliishi miaka 50, na mapicha yao leo yanaonyeshwa pale Woodhorn, mahali palipokuwa mgodi mpaka 1981.

Katika inchi ileile, mwaka wa 1961, viongozi wa miji na wilaya walijiunga na kuanzisha shirika moja la eneo zima kwa kusaidia sanaa. Kuanzia 1967 liliitwa Northern Arts. Halikutafuta faida. Feza yake ilitoka pembe nyingi: miji ilitoa, Arts Council ya London ilitoa, makampani pia yalitoa. Basi, migodi ya makaa ilipoanza kufungwa mmoja kwa mmoja, zaidi kisha mgomo mkubwa wa 1984 na 1985, shirika halikufa pamoja na migodi. Mwaka wa 1998, karibu na Gateshead, kulisimamishwa sanamu ya chuma ya Antony Gormley inayoitwa Malaika wa Kaskazini, urefu wake metre 20, na mabawa metre 54 toka upande mmoja mpaka mwingine. Imesimama juu ya udongo wa mgodi wa zamani. Sehemu ya feza ilitoka kwa Northern Arts. (Wazee wangu wa kanisa wasihangaike: hakuna anayeiabudu.)

Sisi hapa tunajua maana ya kutegemea pembe moja. Zamani kampani ilikuwa baba na mama: shule, hospitali, mupira, hata muziki. Mwaka wa 1986 Gécamines ilitoa tani za shaba kupita 470,000. Mwaka wa 1994 zilibaki karibu 30,000. Mishahara ilikawia, na mutu anayekosa unga hanunui picha.

Sasa kazi ya komite yenyewe ni nini? Vijana wengi wanafikiri ni kukaa mbele siku ya tamasha. Hapana. Komite inaamua njia, inachagua mkurugenzi, inapitisha bajeti, inaomba hesabu. Haichagui nyimbo. Mkurugenzi anafanya kazi ya kila siku, lakini hatoi feza banki peke yake: watu wawili wanatia mukono, na wawili wale wasiwe mume na bibi yake, wala mtu na shemeji yake. Nacheka nikiandika hivi, lakini nimeona.

Juu ya kugawa feza, hapo ndipo moto. Northern Arts na mashirika mengine ya namna ile yalikuwa na vikundi vya watu wanaojua kazi: wanamuziki kwa muziki, wachoraji kwa uchoraji. Wanasoma dosie kwanza, wanatoa shauri, kisha komite inaamua. Watu wale wanabadilishwa kisha miaka michache kusudi wasigeuke wenyeji wa sanduku. Na mtu akiwa na ndugu, mwanafunzi au kanisa yake katika dosie moja, anasema wazi, anasimama, anatoka inje, na mwandiko wa mkutano unaonyesha kama alitoka. Kama kungekuwa mstari mmoja tu wa namna hii katika mwandiko wetu, mimi ningekaa inje siku ile, katika mvua, na ingekuwa vizuri.

Kuna mambo madogo yanayookoa. Siku ya mwisho ya kupokea dosie itangazwe mapema katika makanisa yote, hata yale ya mbali na njia kubwa. Mtu anayeomba dola 100, usimulazimishe kujaza karatasi 20. Aliyekataliwa aandikiwe sababu. Feza itolewe mara mbili: sehemu mbele, sehemu kisha mtu kuonyesha kazi yake na karatasi za vitu alivyonunua. Tena kila mwaka muweke kidogo kando, kwani mwaka mbaya haupigi hodi.

Wakristo hawapendi kusikia kwamba mtu wa hesabu alipwe. Wanasema ni kazi ya Mungu, afanye bure. Mimi sikubali tena. Trezorie wetu alikuwa mwalimu asiyelipwa shuleni, na sisi pia hatukumulipa, kisha tulimulaumu juu ya mufuko wa plastiki. Nauli, kalamu, simu, siku za kazi, vyote viandikwe katika bajeti mbele ya watu wote.

Na zawadi zenye kamba? Wakati wa uchaguzi mkubwa mmoja anakuja na feza na mafulana yenye sura yake, anataka kwaya zote ziimbe jina lake. Komite inapashwa kuwa na neno lililoandikwa tayari mbele hajafika, kwani akiisha kuweka bahasha mezani, nani atakuwa na nguvu ya kuisukuma? Vilevile swali la muziki wa baa. Wazee wengine wanasema sanduku la makanisa lisaidie nyimbo za Mungu tu, vijana wengine wanasema hapana. Mimi naona mchoraji wa samaki anamusifu Muumba bila kuandika mstari wa Biblia chini ya samaki. Lakini hata mukiamua ingine, muamue mbele ya kuona majina.

Kwa wale wanaotaka kuanza: inchi yetu ina sheria ya mashirika yasiyotafuta faida, ile tunaita asbl, namba 004 ya tarehe 20 mwezi wa 7, 2001. Inaomba statuti zilizoandikwa, na haki kamili ya shirika inatolewa na waziri wa sheria. Mkutano mkuu wa wanamemba ndio mkubwa, si prezida. Tuko na mfano mjini Lubumbashi: wasanii wenyewe, pamoja na Sammy Baloji, walianzisha shirika Picha, na tangu 2008 wamefanya mikutano ya mapicha iliyogeuka Biennale ya Lubumbashi, ikileta wasanii wa hapa na wa inchi zingine.

Yule kijana mchoraji, leo ni baba wa batoto watatu. Anaandika majina ya maduka juu ya kuta, na wakati mwingine anachora simba mbele ya butiki ya nyama. Mwezi uliopita nilimupata juu ya ngazi, nikamwambia kwamba vikundi vinne vinataka kuanza tena, na statuti ziko karibu kwisha. Nilimuomba aingie katika kikundi cha kusoma dosie za wachoraji.

Hakushuka. Aliendelea kupaka mkia wa simba.

“Baba Pasta, na weye utakuwa mule ndani?”

Nilimwambia hapana, mimi nitabeba tu statuti mpaka kwa notere.

“Basi leta hayo makaratasi nisome,” akasema, na akashusha mkono moja.