Kipimo cha Malaria Kikisema Hana

Mama akileta mtoto mwenye joto kali kwenye zahanati yetu hapa Bariadi, neno lake la kwanza ni malaria. Simlaumu, Simiyu malaria ipo, na kila homa tunaipima. Hofu yangu mimi muuguzi huanza kipimo kinaposema hana. Wengi hushusha pumzi, hupewa panadoli, huondoka. Homa ya mafua, yaani influenza, haijaulizwa kabisa.

Mafua ya kawaida huja polepole. Influenza hukuangusha: asubuhi ulikuwa unachuma pamba, jioni mifupa yote inauma. Mgonjwa huanza kuambukiza siku moja kabla hajajisikia vibaya, akiwa bado ndani ya basi la Lamadi au mnadani anashikana mikono na ukoo mzima. Siku 1 hadi 4 baadaye, nyumba nzima inakohoa.

Wengi hupona ndani ya wiki. Ninachokiogopa ni homa inayorudi. Virusi vimeshachubua njia ya hewa, imebaki kama boma ambalo ua wake wa minyaa umevunjwa, na bakteria wa nimonia hawana haja ya kuruka. Mtoto alishaanza kucheza, ghafla joto linapanda upya na kikohozi kinakuwa kizito. Katika janga la influenza la mwaka 1918, lililofika hadi Tanganyika, nimonia ya namna hii iliua watu wengi duniani.

Kwa hiyo nafundisha kuhesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia, mfunue kifua, hesabu dakika nzima. Mwenye miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, mlete. Bibi mmoja alisema hana saa. “Mayu,” nikamwambia, “hiyo simu yako ya kitochi inayo. Mjukuu mkubwa atazame sekunde, wewe tazama kifua.” Kikibonyea chini ya mbavu, au mtoto akishindwa kunyonya, hiyo ni safari ya hospitali usiku huohuo.

Wenye selimundu, ambao Kanda ya Ziwa tunao wengi, wajawazito, wazee, wenye pumu na wanaoishi na VVU wasisubiri hata kidogo.

Antibayotiki haiui virusi. Ni ya nimonia, kwa maelekezo ya mtaalamu. Aspirini mtoto asipewe. Na kadi ya kliniki ikaguliwe: tangu 2013 chanjo ya nimonia hutolewa wiki ya 6, 10 na 14, bila malipo.