Roboti ya Banda la Kuku: Soma Kabla Hujatuma Hela Nyumbani

Kama ulikuwa Johannesburg mwaka 2023, unakumbuka mayai yalivyoadimika. Mafua ya ndege yaliingia mashambani, mamilioni ya kuku wakafa au kuuawa ili ugonjwa usisambae. Hao ni wafugaji wakubwa. Wewe wa Doornfontein unayejenga banda Singida au Machakos kwa hela ya zege na ya kufua, ukipoteza kuku 300 umepoteza akiba ya mwaka mzima.

Ndiyo maana roboti za kusafisha mabanda zinavutia. Zipo kweli. Kampuni ya Ufaransa, Octopus Biosafety, imetengeneza roboti inayotembea yenyewe katikati ya kuku. Inageuza maranda, inapuliza dawa ya kuua vijidudu, na vihisi vyake vinapima joto, unyevu na amonia, ile hewa ya kinyesi inayowasha macho. Dawa na maji havimwagwi ovyo.

Ila roboti ya hivyo ni ya mabanda ya maelfu ya kuku, yenye sakafu tambarare na umeme wa uhakika. Ukiikopea kwa kuku 300, deni litakula faida yote. Chukua kazi zake, mashine iache.

Geuza. Maranda mabichi hutoa amonia na hulea vimelea vya kuhara damu. Vimelea hivyo havisikii dawa nyingi za kawaida. Adui yao ni ukavu. Reki inatosha. Palipolowa, toa maranda, weka makavu.

Osha kabla ya dawa. Kinyesi hudhoofisha dawa, hasa jiki. Kuku wakishauzwa, toa maranda yote, fagia, osha kwa sabuni, suuza, acha pakauke, ndipo upulize dawa kwa bomba la mgongoni. Banda lipumzike wiki mbili. Jiki isichanganywe na dawa nyingine, hewa yake inaweza kuua mtu.

Pima. Vifaranga wa wiki ya kwanza wanahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, na kipimajoto cha kawaida kinaonyesha. Kama kijijini kuna umeme na mtandao, vipo vihisi vinavyotuma joto na unyevu kwenye simu yako huku huku Johannesburg. Hapo teknolojia inamfaa mtu aliye mbali. Amonia anaweza kuipima mtu yeyote: ainame usawa wa kuku, macho yakiwasha imeshazidi.

Sasa hela. Usitume yote kwa mkupuo. Kwanza tuma ya sabuni, dawa na kipimajoto. Kaka au shemeji anayesimamia akutumie picha za sakafu tupu, iliyooshwa na kukauka. Wiki mbili zikiisha, tuma ya vifaranga pamoja na ya chanjo, maana dawa ya banda haizuii kideri mahali pa chanjo.

Mwambie mapema kwamba huo ni utaratibu, humshuku. Wewe wa saiti unajua: zege halimwagwi kabla nondo hazijakaguliwa. Akikuharakisha kwamba vifaranga wataisha, mwambie watatotolewa wengine. Hela ikishaingia kwenye banda chafu, hairudi.