Mbwa Atalala Wapi Mkiwa Safarini?

Likizo ya mwaka imeidhinishwa, watoto wamefunga shule, na familia iishiyo kambini Mbuya, Kampala, yataka kwenda kuwaamkia wazee Arua, mwendo wa zaidi ya kilomita 450. Mizigo hufungwa mapema. Mbwa hukumbukwa jioni ya mwisho. Aghalabu hapo ndipo mkuu wa nyumba humkabidhi mnyama kwa mtu wa kwanza akubaliye kumpokea, bila hata kupatazama mahali atakapolala.

Mijini zipo nyumba za kulaza mbwa kwa malipo. Mwenye mbwa yampasa aende huko mwenyewe, mchana, majuma kadhaa kabla ya safari, tena asiridhike na maneno ya mlangoni. La kwanza la kusikiliza ni swali atakaloulizwa na mwenye nyumba: cheti cha chanjo kiko wapi? Asipoulizwa, na aage kwa adabu, aondoke. Nyumba impokeayo mbwa huyu bila cheti ilimpokea na wa jana vivyo hivyo, na wa jana huenda ana kichaa.

Jambo hili si la mbwa peke yake. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, kati ya watu 100 wapatwao na kichaa cha mbwa, hata 99 huambukizwa na mbwa. Na dalili zikishatokea, karibu kila mgonjwa hufa. Virusi huweza kuwamo katika mate ya mbwa siku kadhaa kabla hajaonekana mgonjwa. Aumwapo usiku na mwenzake, atarudi kwa watoto na kidonda kidogo kilichofichwa na manyoya. Mbwa achanjwaye mara ya kwanza huhesabiwa kuwa na kinga baada ya siku 28. Kwa hiyo sindano ya asubuhi ya safari haitamkinga katika safari hiyo.

Kisha itazamwe sakafu. Ugonjwa wa pavo, unaowaharisha damu watoto wa mbwa na kuwaua upesi, huacha virusi vinavyodumu udongoni kwa miezi mingi, na sabuni peke yake haiviui. Sakafu ya saruji ioshwayo kwa dawa ya klorini ni bora kuliko ua wa nyasi upendezao macho, mradi tu pawepo ubao wa kulalia, maana saruji ina baridi. Kila mbwa awe na chumba chake, na jike aliye katika joto atengwe kabisa.

Swali ambalo wengi husahau ni hili: usiku hulala nani hapo? Mlinzi wa lango la nje hatoshi. Kampala ni mji wa radi nyingi, na mbwa mwenye hofu hupanda waya au huchimba chini yake hata kucha zikatoka damu. Ua mzuri una malango mawili, la pili halifunguliwi kabla la kwanza halijafungwa. Ni vyema mbwa alazwe hapo usiku mmoja wa majaribio, familia ikiwa ingali mjini.

Siku ya kumpeleka, apelekwe na chakula alichozoea, hata kama ni posho na dagaa, kwani kubadilishiwa ghafla humharisha. Yaachwe pia maandishi: jina la daktari wake wa mifugo, namba ya simu, na kiasi cha fedha kinachoruhusiwa kutumika akiugua.

Atakaporudi, akaguliwe mwili mzima: kupe masikioni na kati ya vidole, na alama zozote za meno. Akikohoa kama aliyekwamwa na mfupa kooni, asichangamane na mbwa wa majirani mpaka daktari amwone. Na mtoto akiumwa au kukwaruzwa naye, kidonda kioshwe kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku iyo hiyo.