Rekodi Zinapita Juu ya Paa

Musaga, karibu na Webuye, nyaya za stima zinatoka upande wa Tororo, zinavuka miwa na kushika njia ya Lessos. Hizo ndizo bibi wa orodha hii ya rekodi za stima. Mwaka 1954 Malkia Elizabeth alifungua bwawa la Owen Falls kule Jinja, na mwaka huohuo ikaundwa kampuni ya kusafirisha umeme wa Mto Naili hadi Nairobi. Kwa hiyo ukisikia nishati safi ni habari ya juzi, usikubali: ilipita Bungoma kabla ya Uhuru. Nimesema ilipita. Waliolala chini ya nguzo waliendelea na koroboi.

Bwawa refu kuliko yote Kenya ni Turkwel, mita 153 kutoka chini hadi ukingoni, lililojengwa kati ya 1986 na 1991. Kutoka Kitale unapita Kapenguria, unateremka Marich, joto linakupokea. Lakini maji yake yanaanzia kwetu: mto huo ukiwa mlimani Elgon huitwa Suam, na mvua inayoinua mahindi ya Trans Nzoia ndiyo inayozungusha mitambo ya megawati 106. Mvua ikichelewa, hasara mbili. Kwa miaka mingi maji yalikaa chini sana ya ukingo. Mwaka 2020 yakapanda hadi kimo ambacho bwawa halikuwahi kukiona.

Mkongwe wa umeme wa mvuke wa ardhini Kenya ni Olkaria, iliyoanza kuzalisha 1981. Huyo hangoji mvua wala upepo, na ndiye anayefanya Kenya ijigambe kwamba karibu yuniti tisa katika kila kumi zinatoka kwenye vyanzo visivyokwisha. Majigambo ya haki kabisa.

Ila rekodi ninayoipenda zaidi hawaiweki kwenye mabango. Kule Loiyangalani vilisimamishwa vinu vya upepo 365, megawati 310, shamba lililotangazwa kuwa kubwa kuliko yote barani lilipofunguliwa rasmi Julai 2019. Vinu vilikuwa tayari tangu 2017. Upepo ulikuwepo, mabapa yalikuwepo, waya ndio haukuwepo: kilomita 428 hadi Suswa, uliokamilika Septemba 2018. Muda wote huo fidia ya mabilioni ya shilingi kwa wenye vinu ilikuwa inahesabiwa. Umeme ghali kuliko wote, kwa maoni yangu, ni ule ambao haukufika popote.

Majirani wa Mumias nao waliwahi kuvimba kifua. Mwaka 2009 kiwanda chao cha sukari kilianza kuchoma makapi ya miwa na kutoa megawati 38, kikitumia kiasi na kuuza 26 kwenye gridi. Mkulima wa Bungoma akaona utajiri katika kitu alichozoea kukiona kama takataka. Miwa ikapungua, madeni yakazidi, na 2019 kiwanda kikawekwa chini ya mrasimu.

Giza kubwa: Ijumaa usiku, tarehe 25 Agosti 2023. Karibu nchi nzima ilizimika, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Kijijini hatukushtuka haraka. Tulidhani ni transfoma yetu tu, kama kawaida.

Na bingwa asiyeshindwa? Kuni. Sensa ya 2019 ilikuta asilimia 55.1 ya kaya za Kenya zikipikia kuni, wakati nusu tu zilikuwa zinawasha taa kwa stima na karibu moja katika tano kwa sola. Sola ndogo ya kulipia kidogo kidogo kwa simu inamulika chumba na kuchaji simu, lakini haiivishi githeri.

Twende kwenye kinu cha posho pembeni mwa Kitale, saa moja jioni. Mama ameshusha debe la mahindi. Mwenye kinu anainua swichi, mota inaguna bila kuzunguka, balbu ukutani inageuka rangi ya kaa la moto. "Ngoja kidogo, Mama. Stima iko chini." Kona ile, chini ya gunia lenye vumbi la unga, kuna injini kuukuu ya dizeli. Nilimuuliza mbona haiuzi, na ana mota ya umeme miaka yote hii. Akacheka, akaenda kutafuta mtungi wa mafuta.