Redio Haioni Daftari Lako

Ndugu wanafunzi wa Arusha mjini, Tengeru, Usa River na vijiji vyote vya mlima Meru, sogeeni karibu na redio. Daftari ziwe tayari, lakini kwanza tuna shauri.

Nimepata habari kwamba baadhi yenu mmeacha kwenda darasani. Mnasema, "Somo nalipata kwa redio, na mtoto wangu ana simu. Nimeshinda sokoni Tengeru. Kuna haja gani tena ya kupanda njia ya matope jioni?" Swali hilo si la kijinga. Tulipime.

Andika neno hili: kalamu.

Umeandika? Huenda umeandika "karamu". Kalamu ni ya kuandikia, karamu ni ya pilau. Lakini mimi huku sikuoni. Nitaendelea na neno la pili kana kwamba umepata. Kesho utaandika karamu tena, na kesho kutwa, mpaka mkono uzoee kosa. Mwalimu akipita nyuma yako ataliona mara moja, na la jirani yako pia.

Basi redio ina faida gani? Kubwa sana. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi kwa wiki 12. Kila kikundi kilikuwa na kitabu, na kiongozi aliyefundishwa kazi hiyo. Walisikiliza redio, wakasoma, ndipo wakaulizana: je, sisi hapa kwetu tufanye nini? Wakachimba vyoo, wakafyeka majani kando ya nyumba, wakafukia madimbwi ya mbu. Redio haikuchimba choo hata kimoja. Lakini bila redio, walimu wa kutosha vijiji vyote wangetoka wapi?

Siku hizi wataalamu huita njia hii mafunzo mchanganyiko, yaani chombo na mwalimu pamoja. Jina ni jipya, jambo lenyewe mnaliona ni la zamani.

Vyombo navyo vimeongezeka. Kati ya mwaka 2017 na 2019, katika vijiji karibu 170 vya mkoa wa Tanga, watoto wapatao 2,700 walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili, wajifunze kusoma na kuhesabu wenyewe. Wengi ambao hawakujua kusoma hata neno moja walianza kusoma. Hilo lazima tulikubali. Kishikwambi kinaishinda redio, maana ukikosea chakuambia. Hata hivyo si watoto wote waliofaulu, na chombo hakimuulizi mtoto kwa nini leo amenyamaza.

Kwa hiyo fanya hivi. Sikiliza nyumbani, uandike. Siku ya darasa lete daftari hilo hilo, wala usifute makosa, mwalimu anayahitaji.

Haya, kalamu mkononi. Neno la pili ni "mlango". Mwalimu, tafadhali pita nyuma ya madawati.